Kabla ya Kuhamia 5G, Pima Mnara Unaokuhudumia

Alama ya 5G juu ya kioo cha simu haithibitishi kwamba data yako inapita kwenye 5G. Mitandao mingi ya 5G iliyowashwa kuanzia 2019 ilijengwa juu ya mgongo wa 4G. Simu hujisajili kwanza kwenye mnara wa 4G, na mnara huo huzitangazia simu zote zilizo karibu kwamba eneo hilo lina 5G. Simu ikilipokea tangazo hilo, inaweza kuwasha alama hata kama mawimbi ya 5G yenyewe hayafiki ulipo. Unapoanza kupakua kitu ndipo mnara huiagiza simu iyatafute mawimbi hayo. Ikiyakosa inaendelea na 4G, na alama inaweza kubaki palepale.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wengi hununua simu au ruta mpya baada ya kuiona alama hiyo kwenye simu ya mwenzao. Wengine hununua kwa sababu ya kasi iliyoandikwa kwenye tangazo. Yote mawili hayajibu swali lenyewe: ni kitu gani kinachokwamisha mtandao wako leo, na je, 5G inayofika hapo unapokaa inakiondoa? Anayetoka 3G kwenda 4G hana haja ya kupima sana. Ahame tu, na sababu zake ziko chini huko. Anayetoka 4G kwenda 5G ndiye mwenye kazi ya kufanya kabla ya kutoa pesa.

Kasi inatoka wapi

Kasi ya 5G kwa sehemu kubwa inatokana na upana wa masafa, yaani nafasi ya hewani ambamo mawimbi yake yanapita. Chaneli moja ya 4G haizidi megahezi 20. Chaneli moja ya 5G inaweza kufika megahezi 100 kwenye masafa ya kawaida, na 400 kwenye masafa ya juu sana. Namna ya kufungasha data hewani nayo imeboreshwa, lakini si kwa kiasi ambacho mtumiaji ataona muujiza. Kwa hiyo 5G iliyowekwa kwenye chaneli ya megahezi 10 itakupa kasi inayokaribiana na ya 4G yenye megahezi 10. Ndiyo maana watu wawili wenye simu za aina moja, kwenye mtandao mmoja, wanaweza kupata mmoja megabiti 600 kwa sekunde na mwingine 40, na wote wawili wanaona 5G kwenye kioo.

Masafa hayo yako katika makundi matatu. La chini ni kuanzia megahezi 600 hadi 900 hivi. Hufika mbali na hupenya kuta vizuri, lakini chaneli zake ni nyembamba, mara nyingi megahezi 5 hadi 20. La kati, hasa kati ya gigahezi 2.5 na 4.2, ndilo linalobeba sifa nzuri za 5G. Chaneli ni pana na mnara mmoja bado unaweza kuhudumia mtaa mzima. Kipande kinachotumika katika nchi nyingi ni cha megahezi 3300 hadi 3800, ambacho mafundi hukiita n78. Kundi la juu, gigahezi 24 na kuendelea, lina kasi kubwa kupita zote, ila umbali wake ni wa mamia ya mita tu. Ukuta unalizima, majani ya mti yanalipunguza, hata kiganja chako kikifunika antena kinaweza kulikata. Kundi hili lisiwe sababu ya uamuzi wako isipokuwa unauona mnara kwa macho kutoka hapo ulipokaa.

Umbali una hesabu yake. Ukipanda kutoka megahezi 700 hadi 3500, kwa antena za aina ileile unapoteza desibeli 14 za ziada kwa umbali uleule. Hiyo ni sawa na kupokea nguvu iliyopungua takriban mara 25, kabla hujahesabu ukuta hata mmoja. Kampuni za simu hufidia sehemu ya hasara hiyo kwa kufunga mnarani paneli zenye antena ndogo nyingi, mara nyingi 32 au 64, zinazoelekeza mwale kwa kila mtumiaji badala ya kuumwaga kila upande.

Simu yako haina uwezo huo. Inarusha kwa miliwati 200 hivi, na baadhi ya simu hufika mara mbili ya hapo kwenye masafa ya kati. Mnara unaifikia simu, simu haiufikii mnara. Ongeza na hili: kwenye masafa ya kati, kupakua na kupakia hugawana chaneli ileile kwa zamu, na kwa kawaida kupakua hupewa karibu robo tatu ya muda. Matokeo yake, pembezoni mwa eneo la mnara, kinachokufa kwanza ni kupakia. Unaweza kupima megabiti 300 za kupakua na megabiti 3 za kupakia, ukashangaa kwa nini mkutano wa video unakata picha yako wakati wewe unawaona wenzako vizuri kabisa. Anayerusha matangazo ya moja kwa moja, anayepandisha picha nzito kwa wateja au kuhifadhi nakala za faili mtandaoni, aitazame namba ya kupakia kabla ya ile nyingine.

Kuna pia 5G ya kuazima. Baadhi ya mitandao huiweka 5G ndani ya chaneli ileile inayotumiwa na 4G, na vizazi viwili vinagawana nafasi kila milisekunde. Mpango huo unaeneza alama ya 5G haraka kwenye ramani, lakini hauongezi upana wowote. Tena unakula kidogo nafasi iliyokuwepo, kwa sababu kila kizazi lazima kirushe ishara zake za uongozi. Ukiona 5G yako iko kwenye masafa yaleyale ya 4G, tuseme 1800 au 2100, na kasi haijabadilika, huenda hiyo ndiyo sababu.

5G inayoegemea 4G na ile inayosimama yenyewe

Toleo la kwanza la viwango vya 5G, lililokamilishwa Desemba 2017, lilikuwa la ile inayoegemea 4G, kwa kifupi NSA. La kusimama yenyewe, SA, lilikamilishwa Juni 2018. Katika NSA, amri zote zinapita 4G na mitambo ya kati ya mtandao ni ya 4G. 5G ni bomba la ziada la data. Katika SA, simu inazungumza na 5G moja kwa moja hadi kwenye mitambo ya kati.

Kwa mtumiaji wa kawaida tofauti inaonekana sehemu mbili. Ya kwanza ni betri. Kwenye NSA simu huwasha redio mbili kwa pamoja wakati wa kupakua. Ya pili ni ucheleweshaji, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Malengo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa kizazi hiki yanataja milisekunde 4 kwa matumizi ya kawaida na 1 kwa matumizi maalumu, lakini hiyo ni sehemu ya hewani peke yake, tena ya upande mmoja tu, katika mazingira bora. Baada ya mnara kuna safari ya nyaya. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 4,000 haiwezi kukujibu chini ya milisekunde 40 hata ungekuwa na kizazi cha kumi. Mchezaji wa michezo ya mtandaoni aulize kwanza seva iko wapi.

Pima kabla ya kulaumu 4G

Anza kwa kusoma nguvu ya mawimbi kwa namba, achana na vijiti. Vijiti vinne kwenye simu moja ni viwili kwenye nyingine, kwani kila mtengenezaji ana kipimo chake. Kwenye simu nyingi za Android piga *#*#4636#*#* ufungue taarifa za simu. Kwenye Samsung jaribu *#0011#. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Kuna simu ambazo msimbo umefungwa, na hapo programu ya kupima mawimbi itakusaidia. Tafuta namba mbili, RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia, na huandikwa kwa hasi. Kati ya −70 na −85 uko vizuri. Hadi −100 bado inafaa. Kati ya −100 na −110 ni dhaifu, na ukipita −115 uko pembezoni kabisa. SINR ni uwiano kati ya mawimbi unayoyataka na kelele za minara mingine. Juu ya 20 ni bora, 10 hadi 20 ni nzuri, na chini ya 0 kelele imeyazidi mawimbi. Kati ya hizo mbili, mimi naiamini zaidi SINR. RSRP ya −80 yenye SINR ya 2 ni mtandao mbovu wenye vijiti vyote, na ndiyo hali inayowachanganya watu wanaoishi katikati ya minara mitatu.

Kisha pima kasi mahali palepale, kwa nyakati tatu za siku: alfajiri, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Andika kasi, ucheleweshaji, RSRP na SINR kwa kila kipimo. Siku mbili tatu zinatosha kuonyesha sura.

Kasi ikiwa kubwa alfajiri na kuanguka usiku wakati RSRP ni ileile, tatizo ni msongamano. Watu wengi wamejaa kwenye masafa machache. Hapa 5G ya masafa ya kati inasaidia kweli, kwa sababu inaleta chaneli mpya pana ambayo bado ina watumiaji wachache. Hata wanaobaki 4G hupata nafuu kidogo wenzao wanapohama.

Kasi ikiwa ndogo saa zote na RSRP iko chini ya −110, tatizo ni umbali au kuta. 5G ya masafa ya kati hapo itakuwa dhaifu kuliko 4G uliyo nayo. Utakuwa umenunua simu ya kizazi kipya ili irudi 4G kila dakika. Kinachoweza kukuokoa ni 5G au 4G ya masafa ya chini, antena ya nje, au mtandao mwingine ambao mnara wake uko karibu.

Kasi ikigota kwenye namba moja saa zote, kwa mfano 10 kamili asubuhi na usiku, na mawimbi ni mazuri, kuna kizuizi cha makusudi. Mara nyingi ni kifurushi chenye kikomo cha kasi, au kilichopunguzwa baada ya kumaliza kiasi fulani. Soma masharti ya kifurushi kabla ya kufikiria kifaa. Inawezekana pia kwamba mnara wenyewe unalishwa na kiungo chembamba kuelekea kwenye mtandao mkuu. Mnara wa hivyo ukifungiwa redio za 5G bila kuongezwa kiungo hicho, kasi haitasogea.

Na kasi ikipimika vizuri lakini tovuti moja au programu moja ndiyo inayosuasua, tatizo liko upande wao.

Kipimo kingine ambacho watu hukiruka ni ucheleweshaji wakati laini ina mzigo. Programu nzuri za kupima huonyesha ucheleweshaji mara mbili, laini ikiwa imetulia na ikiwa inapakua. Ukiona umetoka milisekunde 40 hadi 600, foleni inajaa kwenye ruta au mnarani, na ndiyo sababu simu za video zinakwama mtu mwingine nyumbani anapopakua faili. Kwa upande wa ruta dawa ni mpangilio wa kusimamia foleni, unaowekwa asilimia 10 hadi 15 chini ya kasi halisi. Huo unapatikana kwenye ruta za 4G pia.

Tahadhari moja: kipimo cha kasi kinakula data. Megabiti 500 kwa sekunde kwa sekunde 10 ni megabaiti 625, na hapo hujapima kupakia. Mwenye kifurushi kidogo akipima 5G mara tatu atakuwa amemaliza karibu gigabaiti mbili bila kutazama chochote.

Jaribio linalodanganya

Wengi hulinganisha simu yao ya zamani ya 4G na simu mpya ya 5G, wakaona tofauti ni kubwa, wakaamini 5G imefanya kazi. Hapo vitu viwili vimebadilika kwa pamoja. Modemu, yaani kipande cha ndani kinachozungumza na mnara, zina madaraja kwenye 4G. Simu na ruta nyingi za bei ya chini ni daraja la 4, ambalo kikomo chake cha nadharia ni megabiti 150 kwa sekunde kwenye chaneli moja tu. Daraja la 6 linaunganisha chaneli mbili na kufika 300. Daraja la 16 linakaribia megabiti 1,000, kwa kuunganisha chaneli kadhaa na kutumia antena nne. Simu mpya ya 5G karibu kila mara imebeba ndani yake modemu ya 4G iliyo bora sana kuliko uliyokuwa nayo.

Kwa hiyo jaribio la haki ni hili. Azima simu ya 5G kwa jioni moja, weka laini yako, kaa pale unapokaa kila siku, kisha pima simu hiyohiyo mara mbili: kwanza ukiwa umeilazimisha kubaki 4G kwenye mipangilio ya aina ya mtandao, halafu ukiwa umeiruhusu 5G. Pakua kitu kwanza kwa sekunde kadhaa ili 5G iamke, ndipo utazame masafa yanayotumika. Ukiona n78, n77 au n41, upo kwenye masafa ya kati. n28 au n71 ni masafa ya chini. Tofauti ya 4G na 5G kwenye simu hiyo ikiwa ndogo, unachohitaji ni simu au ruta ya 4G ya daraja la juu, na hiyo huwa nafuu. Ushauri huu hauwapendezi wauzaji, lakini kwa watumiaji wengi walio mbali na katikati ya miji ndio sahihi kwa miaka kadhaa ijayo.

Jiulize pia unahitaji kasi kiasi gani. Video ya 1080p inatosheka na megabiti 5 kwa sekunde, ya 4K na 15 hadi 25. Simu ya sauti ya mtandaoni haifiki hata megabiti 0.2. Anayepata megabiti 30 tulivu usiku na mchana hataona tofauti kwenye video akipata 300. Atakachoona ni kifurushi kinaisha mapema. Programu za video hupandisha ubora zenyewe zinapoona njia nyeupe, na kutoka megabiti 5 hadi 15 ni kutoka gigabaiti 2.25 kwa saa hadi karibu 7. Baadhi ya simu zina kitufe kinachoruhusu matumizi makubwa zaidi zikiwa kwenye 5G. Kitafute ukizime kama kifurushi chako kina mwisho.

Ukiamua kununua simu

Neno 5G kwenye boksi halitoshi. Simu ya jina moja hutengenezwa kwa matoleo tofauti kwa masoko tofauti, na kila toleo lina namba yake ya modeli na orodha yake ya masafa. Chukua namba kamili ya modeli, siyo jina la biashara, uilinganishe na masafa ya mtandao wako, ya 4G na ya 5G. Simu iliyoagizwa kutoka nchi nyingine inaweza kukosa hasa lile kundi la 4G la masafa ya chini linalokushikilia ukiwa ndani ya jengo.

Masafa yakilingana, bado kuna milango mitatu. Kwenye NSA simu lazima iukubali mchanganyiko wa masafa ya 4G na ya 5G unaotumika kwenye mnara wako. Kuwa na yote mawili kila kimoja peke yake hakutoshi. Simu za kwanza za 2019 zilizotumia modemu ya Snapdragon X50 zinajua NSA pekee, kwa hiyo mtandao wa SA kwao haupo. Na mwisho, kuna simu zenye uwezo kamili ambazo 5G haiwaki kwa sababu faili za mipangilio za mtengenezaji hazijaufungulia mtandao wako. Hiyo hutatuliwa na sasisho la programu kama lipo, na likikosekana hakuna la kufanya. Njia salama ni kuweka laini yako ndani ya simu hiyo dukani na kuona 5G inawaka kabla ya kulipa. Piga *#06# uhakikishe namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, zinafanana na za kwenye boksi, na hakikisha simu haijafungiwa kampuni nyingine.

Kuhusu betri: kinachoimaliza ni 5G dhaifu, simu inapokamata na kuachia mawimbi mara kwa mara huku ikirusha kwa nguvu zake zote. Kama mahali pa kazi uko kwenye mpaka huo, weka 4G ukiwa hapo. iPhone zina mpangilio wa 5G ya kujiendesha, unaoirudisha simu kwenye 4G pale 5G isipoleta faida ya kuonekana, nao hufanya kazi vizuri.

Sauti ndiyo inayolazimisha

Hapa ndipo anayetumia 3G anapotakiwa kuhama hata kama ameridhika. Mitandao mikubwa ya Marekani ilizima 3G ndani ya 2022. Australia ilimaliza mwishoni mwa 2024. Masafa yale yanahitajika kwa vizazi vipya, na nchi nyingine zinafuata kila moja kwa ratiba yake. Mahali pengine 2G inaachwa hai kwa muda mrefu kuliko 3G, kwa sababu mita, kengele za ulinzi na vifaa vya kufuatilia magari bado vinaishi humo.

4G yenyewe haina njia ya zamani ya kupiga simu. Simu hupita kama data, huduma inayoitwa VoLTE, na lazima simu yako na mtandao wako vyote viwe vimeiwasha. Bila VoLTE, kila ukipiga, simu hushuka 3G au 2G na intaneti hupungua au hukatika mpaka ukate. Siku 3G na 2G zikizimwa, simu hiyo itabaki na intaneti bila sauti. Kujipima ni rahisi: piga simu huku unatazama alama ya juu. Ikibaki 4G, VoLTE ipo. Ikigeuka 3G, H au E, haipo. Kwenye mtandao wa SA simu inaweza kupita 5G yenyewe au kurudi 4G kwa sekunde chache kabla ya kuita, na yote mawili ni sawa.

Australia iligundua jambo zito zaidi. Kulikuwa na simu zinazopiga kawaida kupitia 4G lakini zilizopangwa kutumia 3G kwa namba za dharura. Mmiliki asingejua mpaka siku ya ajali. Kampuni zililazimika kuzizuia simu hizo kwenye mitandao yao. Usijaribu mwenyewe kwa kupiga namba ya dharura. Iulize kampuni yako ya simu kwa namba ya modeli.

Kwa vifaa visivyo simu, kama mashine za malipo, vifuatilia magari, mageti na simu za ndani ya lifti, jibu si 5G. Vinahitaji 4G ya daraja dogo la Cat 1, au LTE-M na NB-IoT, matoleo ya 4G yaliyotengenezwa kwa vifaa vidogo, pale yalipo. Data yao ni kilobaiti chache, na kinachotakiwa ni betri ndefu na mawimbi yanayopenya.

Ruta ya nyumbani

Kwa ruta 5G ina maana kubwa zaidi kuliko kwa simu, kwani ruta haitembei na unaweza kuitafutia mahali pake. Iwashe karibu na dirisha linaloelekea mnara, fungua ukurasa wake wa mipangilio, kisha isogeze nusu mita nusu mita huku ukiitazama SINR, ukingoja dakika moja kila inapotulia. Sentimita hamsini zinaweza kubadilisha desibeli tano. Epuka kioo chenye utando wa metali wa kuzuia joto na ukuta wenye nondo nyingi. Usiiache ruta juani pia. Ikipata joto kali hupunguza kasi yenyewe, na wengi hudhani ni msongamano wa mchana.

Antena ya nje inasaidia ikiwa kebo ni fupi na nzuri. Kebo nyembamba ya RG58 hupoteza zaidi ya desibeli 1 kwa kila mita kwenye gigahezi 3.5. Ukivuta mita 10 umeitupa faida yote ya antena na pengine umebaki chini ya ulipoanza. Nunua antena iliyoandikwa kwamba inafika masafa yako, maana nyingi zinazouzwa kwa jina la 4G zinaishia gigahezi 2.7. Hesabu matundu: ruta ya 5G hutumia antena nne, na ukichomeka mbili tu hakikisha ni kwenye matundu yanayoshughulikia masafa unayoyalenga. Mpangilio ulio bora ni ruta ya nje inayofungwa ukutani au kwenye nguzo, yenye modemu na antena ndani yake. Kebo inayoshuka ni ya Ethernet, inayobeba data pamoja na umeme hadi mita 100 bila hasara hiyo.

Jua pia kwamba laini nyingi za simu hazikupi anwani ya intaneti ya kwako peke yako. Watumiaji wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja. Kamera inayotakiwa kufikiwa moja kwa moja kutoka nje, au seva ya nyumbani, haitafikika hata kasi ikiwa megabiti 900. Uliza kabla ya kusaini kama anwani ya umma inapatikana.

Siku ya kubadilisha laini

Laini za zamani za kizazi cha 2G haziingii 4G hata kidogo. Laini zilizotolewa kwa 4G kwa kawaida zinafanya kazi kwenye 5G ya NSA, lakini baadhi ya kampuni hutaka laini mpya kwa SA, kwa sababu laini mpya inabeba ufunguo wa kuificha namba yako ya utambulisho isisomwe hewani. Kabla ya kubadilisha, hamisha majina yaliyohifadhiwa ndani ya laini ya zamani, na hamisha misimbo ya kuthibitisha akaunti zako kutoka ujumbe mfupi kwenda kwenye programu. Baadhi ya benki husimamisha miamala kwa muda zinapogundua laini imebadilishwa, kama kinga dhidi ya wezi wa laini, kwa hiyo usifanye hivyo siku unayotakiwa kulipa kodi ya nyumba. Laini mpya ikishawaka, piga simu moja na upokee moja, tuma ujumbe mfupi, washa hotspoti, kisha zima na kuwasha simu mara moja ili ijisajili upya. 5G isipoonekana baada ya hapo, angalia kwanza aina ya mtandao kwenye mipangilio. Simu zenye laini mbili mara nyingine huruhusu 5G kwenye ile iliyochaguliwa kwa data tu, na hiyo ya pili hubaki 4G hadi utakapoibadilisha.